Kochi Lililotoa Mifupa Nje

Lina vitu viwili tu: bomba la chuma linalong'aa, na mito minene ya ngozi iliyobanwa ndani ya bomba hilo. Bomba linaanzia mkono wa kushoto, linapita nyuma ya mgongo na kumalizia mkono wa kulia. Miguu minne imesimama wima kwenye pembe. Chini kidogo, pembeni na nyuma, zimepita fito nyembamba zaidi za chuma ili mito isichomoke. Mito yenyewe haikushonewa wala kugongelewa popote. Ukiinua wa kukalia, kisha wa mgongo, kisha wa kila mkono, unabaki na kizimba kitupu, na ukuta wa nyuma unauona kupitia katikati yake.

Jina lake ni Grand Confort, yaani starehe kubwa. Lilibuniwa Paris mwaka 1928 katika ofisi ya msanifu majengo Le Corbusier, na waliolibuni ni watatu: yeye mwenyewe, binamu yake Pierre Jeanneret, na Charlotte Perriand, mwanamke aliyekuwa na miaka 24. Wauzaji wengi wanalijua kwa namba, LC2 kwa umbo dogo na LC3 kwa umbo kubwa, na maumbo yote mawili yanapatikana ya mtu mmoja, ya wawili na ya watatu. Huenda umeshaliona, lenyewe au nakala yake, kwenye ukumbi wa benki, ofisi ya wakili au sebule za filamu, hata kama jina hukulijua. Steve Jobs alipoitambulisha iPad mwezi Januari 2010, kiti alichokalia jukwaani kilikuwa cha ukoo huu.

Wanaoandika kuhusu samani hupenda kulieleza kama kochi lililokata uhusiano na kila kilichotangulia. Mimi nikiliangalia namwona babu yake waziwazi: kile kiti kizito cha ngozi cha vilabu vya London. Mikono mipana ni ile ile. Mgongo mfupi unaolingana na mikono ni ule ule. Hata ngozi imebaki. Kilichobadilika ni mgawanyo wa kazi kati ya sehemu zake, ipi ibebe na ipi ibebwe, na badiliko hilo moja likazaa kochi jipya kabisa.

Tuanze na babu. Kiti cha klabu kilipevuka Uingereza katika karne ya 19, kwenye vilabu vya wanaume ambako mtu alisoma gazeti, akavuta sigara, akasinzia baada ya chakula cha mchana. Kampuni ya Maple, iliyofunguliwa London mwaka 1841 katika mtaa wa Tottenham Court Road, ilijipatia sifa kwa viti vya aina hiyo hadi ikawa na duka Paris. Ni kiti kinachompokea mtu mzima mzima. Ukikaa unazama, mikono yako inapata pa kulala, na kusimama kunahitaji uamuzi.

Raha hiyo ina gharama iliyofichwa ndani. Fundi huanza na fremu ya mbao ngumu. Juu yake huvuta mikanda ya juti, akaisuka ya urefu kwa ya upana na kuigongelea kwenye mbao. Juu ya mikanda husimamisha springi, na kila springi huifunga kamba pande zote ili ikibonyezwa ishuke wima, isilale ubavu. Hufuata gunia, kisha singa za farasi, kisha tabaka la pamba. Ngozi huja mwisho, nayo huvutwa kwa mkono mpaka mikunjo iishe, halafu hupigwa misumari. Ni kazi ya heshima kubwa, na fundi anayeijua vizuri ni mtu wa kutunzwa. Lakini kila tabaka linaficha lililotangulia na kulitegemea. Kamba ya springi moja ikikatika, kiti kinaanza kubonyea upande mmoja, na hakuna namna ya kuifikia bila kubandua ngozi, pamba, singa na gunia. Mbao ikipata ufa au ikiliwa na wadudu, mwenye kiti hajui mpaka siku kinapovunjika.

Le Corbusier alikipenda kiti hiki, na hilo ndilo jambo linalosahaulika. Mwaka 1925 Paris iliandaa maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa za mapambo, na yeye akajenga humo banda lililoitwa Pavillon de l'Esprit Nouveau. Wenzake walileta samani zilizobuniwa mahususi kwa ajili ya maonyesho, za mbao adimu na nakshi za thamani. Yeye akachukua vitu vilivyokuwa tayari madukani: viti vya mbao iliyopindwa kwa mvuke vya kampuni ya Thonet, ambavyo mikahawa ya Ulaya ilivitumia kila siku, na viti vya klabu vya ngozi kutoka Maple. Mwaka huo huo alichapisha kitabu, L'Art décoratif d'aujourd'hui, akisema kwamba samani ni vyombo vya kuusaidia mwili, na kwamba chombo kizuri ni kile kilichonolewa na matumizi ya watu wengi kwa muda mrefu mpaka kikafikia umbo lisilohitaji saini ya mtu. Kwake kiti cha klabu kilikuwa chombo cha aina hiyo, na aliona watu wamekwisha kulitatua tatizo la kukaa kwa starehe.

Tatizo jingine lilitokana na nyumba zake. Katika nyumba ya kawaida ya wakati ule ukuta ulifanya kazi zote kwa pamoja: ulibeba ghorofa ya juu, ulizuia mvua na uligawa vyumba. Le Corbusier alizitenganisha kazi hizo. Nguzo nyembamba za zege zikabeba uzito, na ukuta, ukiwa sasa haubebi kitu, ukaweza kuwekwa popote au kukatwa dirisha refu kutoka kona hadi kona. Kanuni hizo alizitangaza mwaka 1927. Ndani ya chumba cha namna hiyo, chenye mwanga kutoka ukutani hadi ukutani na sakafu isiyokatizwa, kiti cha Maple kilikaa kizito, kimefunga sakafu mpaka chini na kuuzuia mwanga. Humo kulihitajika kiti chenye raha ile ile, lakini kilichojengwa kwa mantiki ya nyumba yenyewe.

Mtu mwingine alikuwa ameshajaribu. Marcel Breuer, akiwa kwenye shule ya Bauhaus huko Dessau, Ujerumani, alitengeneza mwaka 1925 kiti cha bomba la chuma kilichoitwa B3, ambacho leo wengi wanakiita Wassily. Alikuwa ameutazama usukani wa baiskeli yake aina ya Adler, akajiuliza kwa nini bomba lililopindwa kirahisi hivyo lisitumike kwenye samani. B3 nacho ni kiti cha klabu. Ukikisogelea unaitambua mikono mipana na ule ujazo wa mraba. Ila Breuer aliitoa minofu yote. Alibakiza mchoro wa kiti hewani, na mahali pa mito akavuta vipande vya kitambaa kigumu vilivyokaza kati ya bomba na bomba. Ni kazi ya kipaji kikubwa, na naiheshimu mno. Lakini ukikaa, mapaja na mgongo wako vimeegemea mikanda. Raha ya kuzama, ambayo ndiyo iliyowafanya watu wakipende kiti cha klabu, imeondoka pamoja na minofu.

Ofisi ya Paris ilikwenda njia nyingine, na kwa maoni yangu njia ya ujasiri zaidi. Hawakuondoa minofu. Walichukua mifupa iliyokuwa ndani wakaitoa nje, minofu wakaiacha ndani nzima nzima. Kaa wa baharini ameumbwa hivyo, gamba gumu linabeba na kulinda, ulaini wote uko ndani.

Aliyeleta ujuzi wa kulifanya jambo hilo kwa chuma ni Perriand. Alizaliwa Paris mwaka 1903, baba yake fundi cherehani na mama yake mshonaji katika nyumba za mitindo. Alisomea sanaa za mapambo, na mwaka 1927, katika maonyesho ya kila mwaka yanayoitwa Salon d'Automne, aliweka baa ndogo ya nikeli na alumini aliyoitengenezea nyumba yake ya chini ya paa. Alikuwa na mkufu wa mipira midogo ya chuma aliouita mkufu wa beringi, na aliuvaa hadharani kama mtu anayetangaza zama anazoziamini. Alipokwenda kuomba kazi kwa Le Corbusier mwaka huo, alijibiwa kwamba ofisini pale hawadarizi mito. Le Corbusier na Jeanneret walipoiona ile baa, akaitwa kazini. Alikaa nao mpaka mwaka 1937, na samani zilikuwa mikononi mwake.

Jibu lile la kwanza linaniuma kila ninapolikumbuka, kwa sababu kochi ambalo dunia inalihusisha na jina la Le Corbusier kuliko jingine lolote limesimama juu ya suala la mito: inajazwa nini, inashonwa vipi, inakaa wapi. Mtoto wa washonaji alilijua suala hilo.

Kazi ilianza kwa kuchunguza namna watu wanavyokaa. Mtu anayezungumza hukaa wima, akageuka huku na huku. Anayepumzika hurudi nyuma. Aliyechoka hujinyoosha. Kutokana na mikao hiyo vilitoka viti vitatu katika mwaka huo wa 1928: kiti chepesi chenye mgongo unaocheza, kwa ajili ya mazungumzo, kiti kirefu cha kujilaza, na katikati yao Grand Confort, mrithi wa kiti cha klabu. Baadhi ya samani hizo ziliingia kwanza katika nyumba ya tajiri Mmarekani aitwaye Henry Church huko Ville-d'Avray, karibu na Paris. Mwaka 1929 zikaonyeshwa zote pamoja kwenye Salon d'Automne, ndani ya nyumba ya mfano yenye jiko, bafu na makabati ya chuma, kwa udhamini wa Thonet. Mwaka huo huo Perriand aliandika katika jarida la Kiingereza The Studio makala ya kuitetea samani ya chuma dhidi ya waliosema kwamba mbao pekee ndiyo yenye utu.

Sasa tulitazame kochi lenyewe kwa ukaribu, maana hapa ndipo penye utamu.

Kwanza, kwa nini bomba na si nondo? Fito ya chuma inapopinda, sehemu ya juu inabanwa na ya chini inavutwa, wakati chuma kilicho katikati kabisa hakifanyi kazi kubwa. Ukikitoa hicho cha katikati, unabaki na bomba ambalo ni jepesi zaidi lakini gumu karibu sawa na nondo ya unene huo huo. Bomba pia linapindwa kwa mashine bila kupasuka, kwa hiyo pembe za nyuma za kochi hazihitaji kiungo. Mkono unageuka kuwa mgongo bila mahali pa kukatika, na kwenye samani kiungo ndicho kinachochoka kabla ya chuma.

Pili, mito. Katika kiti cha klabu umbo linatokana na ngozi iliyovutwa. Hapa umbo linatokana na kubanwa. Kila mto umekatwa mkubwa kidogo kuliko nafasi yake, na ukishaingia unausukuma ule wa jirani: mkono wa kushoto unausukuma wa kukalia, wa kukalia unausukuma mkono wa kulia, yote mitatu inausukuma wa mgongo. Kizimba kinaizuia yote isitoke nje. Kwa hiyo mito inashikana kwa msuguano na mbano tu. Mshonaji akikata mto mdogo kwa sentimita 2, kochi zima linalegea na mito inaanza kuhama kila mtu anaposimama. Akikata mkubwa mno, ngozi inajikunja pembeni na mshono unaanza kuchanika. Uzito wa mkaaji unapokelewa na mikanda ya mpira au springi zilizovutwa kwenye fremu ya chini, na juu yake mto. Mto uliojazwa manyoya ya bata unampokea mtu kwa upole lakini unataka kupigwapigwa kila siku manyoya yasigande. Sponji ya leo haidai kazi hiyo, ila ikiwa hafifu inabonyea na kubaki imebonyea.

Tatu, mafundi. Hili silioni likiandikwa mara nyingi, nami naliona kubwa kuliko yote. Kiti cha klabu ni lazima seremala na mshonaji wafanye kazi kwenye kitu kimoja, mmoja baada ya mwingine, mahali pamoja. Grand Confort iliwatenganisha. Anayechomelea chuma anafanya kazi kwake, anayeshona mito anafanya kazi kwake, na wakiheshimu vipimo si lazima waonane. Chuma na mito vinakutana siku ya mwisho. Miaka 20 baadaye mto ukichoka, unashonwa mwingine na fremu haiguswi. Ufundi wa siri umegeuka kuwa ufundi wa wazi: kila anayelitazama kochi hili anaona linavyosimama, na akiona kasoro anajua iko wapi.

Kukigeuza kiti cha mtu mmoja kuwa kochi la watatu kunaonekana rahisi: ongeza urefu. Hesabu inakataa. Umbo dogo la mtu mmoja lina upana wa sentimita 76, kina cha 70 na kimo cha 67, karibu mchemraba kamili. La watu watatu lina upana wa sentimita 180. Sasa, fito iliyoshikwa ncha zote mbili ikibeba uzito katikati, kupinda kwake hufuata urefu kwa kipeo cha tatu: ukiirefusha mara mbili, inapinda mara nane. Kutoka 76 hadi 180 ni karibu mara 2.4, kwa hiyo fito ile ile, chini ya mtu yule yule, ingepinda zaidi ya mara 13. Ukingo wa mbele, ule ulio chini ya magoti, ndio unaoteseka zaidi, kwa sababu hapo ndipo mtu anapoweka uzito wake wote anaposimama. Chuma cha chini cha kochi refu ni lazima kiwe kinene zaidi au cha umbo jingine, huku bomba la juu, lisilobeba kitu zaidi ya migongo na viwiko, likibaki vile vile. Jicho linaona kochi lile lile limenyooshwa, lakini chini ya mito kuna kazi nyingine.

Vipimo vinasema jambo jingine pia, na mnunuzi anapaswa kulijua. Umbo dogo la watu wawili lina sentimita 130, la watatu 180. Yaani kila mtu anayeongezeka anapewa kati ya sentimita 50 na 54. Watu wazima watatu wakikaa hapo mabega yanagusana. Umbo kubwa linaanza na sentimita 99 kwa mtu mmoja, linafika 168 kwa wawili na 237 kwa watatu: kila mmoja anaongezewa 69. Tena liko chini zaidi, kimo chake ni sentimita 62, na limekwenda kina cha 73. Kwa hiyo LC2 na LC3 haziwakilishi kochi moja la saizi mbili. Umbo dogo linamkalisha mtu wima, tayari kuzungumza au kusubiri kuitwa. Umbo kubwa linampumzisha. Wanaonunua dogo la watu watatu kwa ajili ya familia, kwa sababu picha yake inapendeza, wananunua kochi la watu wawili na begi.

Na starehe je? Nitasema wazi: jina limeahidi zaidi ya kilichomo. Mgongo ni mfupi, kichwa hakina pa kuegemea, na ndani ya umbo dogo mikono minene imekula nafasi kiasi kwamba mtu mwenye mwili mkubwa hatajisikia huru. Kulala humo haiwezekani bila kukunja miguu. Lakini kwa kukaa saa moja au mbili ukizungumza, sijui viti vingi vinavyomshika mtu vizuri hivyo. Mbavu zimeegemezwa pande zote mbili, viwiko viko juu, na ukigeuka kumsikiliza jirani mto wa mkono unageuka kuwa wa mgongo. Raha hiyo ndiyo waliyoirithi kutoka Maple.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia yalitengenezwa machache mno. Kwa samani iliyohubiri zama za mashine, lilihitaji mikono mingi na fedha nyingi. Uhai wake wa pili ulianzia Zurich, Uswisi, mwaka 1959, Heidi Weber, mwenye jumba la sanaa, alipopata ruhusa ya Le Corbusier kuzitengeneza upya baadhi ya samani zile. Mwaka 1964 kampuni ya Cassina ya Italia ikachukua haki, na ndiyo inayozitengeneza hadi leo. Herufi LC ni za jina moja tu kati ya matatu. Le Corbusier alifariki mwaka 1965, Jeanneret 1967. Perriand aliishi mpaka 1999, akashirikiana na Cassina kuzirekebisha, na kwa miaka mingi alizisikia kazi zake zikitajwa kwa jina la mwingine. Leo Cassina inawataja wote watatu, na ilikuwa haki ya Perriand siku zote.

Majina hayo yana uzito hata mahakamani. Katika Umoja wa Ulaya, kazi ya ubunifu iliyofanywa na watu kadhaa kwa pamoja hulindwa miaka 70 baada ya kifo cha yule wa mwisho kufariki. Ikihesabiwa kwa Le Corbusier peke yake, ulinzi ungekwisha mwaka 2035. Kwa kuwa Perriand ni mmoja wa waliolibuni, hesabu inafika 2069. Kesi inayojulikana zaidi ilifikia Mahakama ya Haki ya Ulaya, iliyotoa hukumu tarehe 17 Aprili 2008. Duka la nguo la Peek & Cloppenburg la Ujerumani lilikuwa limeweka viti na makochi ya maumbo haya mahali pa kupumzikia wateja, na kiti kimoja kwenye dirisha la maonyesho la tawi lake la Düsseldorf. Havikutoka Cassina. Vilitengenezwa na kampuni ya Bologna, Italia, ambako wakati huo havikuwa na ulinzi. Cassina ilishitaki. Mahakama ikasema kuwaruhusu watu wakalie nakala, au kuionyesha dirishani, si kuisambaza kwa umma kwa maana ya sheria ile, kwa sababu umiliki haukuhamishwa. Cassina ikashindwa katika hoja hiyo. Naielewa mantiki ya kisheria, lakini kochi linatimiza kazi yake pale mtu anapolikalia, na duka lile lilifaidika na kazi hiyo.

Nakala zimeenea duniani kote, na ubora wake unapishana sana. Anayetaka kulipima kochi la namna hii aanze kwa kuitoa mito yote, jambo ambalo kochi la kawaida halimruhusu. Atazame viungo vya chuma: sehemu iliyochomelewa inapaswa kuwa laini kwa kidole, bila vishimo. Abonyeze ukingo wa mbele wa fremu ya chini katikati yake kwa uzito wa mwili. Ukionekana kushuka, hautadumu. Anyanyue mguu mmoja wa mbele kutoka sakafuni. Wa pili wa mbele ukichelewa mno kufuata, fremu inajipinda. Airudishe mito na kuona kama inaingia kwa kusukumwa. Ikiingia yenyewe, imekatwa midogo.

Kwa anayeishi mwambao wetu kuna mawili ya kuongeza. Hewa ya bahari ina chumvi, na kromu nyembamba ikishapata mkwaruzo huanza kuchubuka huku kutu ikitambaa chini yake, kwa hiyo chuma cha pua kisichoshika kutu au rangi ya unga iliyookwa vinafaa zaidi. Na ngozi kwenye joto la Mombasa au Tanga inagandana na mwili. Kitambaa kizito cha pamba kinachovuliwa na kufuliwa kinafaa zaidi, nacho kinawezekana kirahisi kwa sababu mito haikugongelewa. Chuma hakiliwi na mchwa. Fundi wa Keko, Dar es Salaam, anayeshona makochi na mwenzake anayechomelea mageti wana ujuzi wote unaohitajika kutengeneza kochi la mantiki hii, kwa umbo lao wenyewe na vipimo vyao, bila kuiba mchoro wa mtu. Wakilirefusha kwa watu watatu, waikumbuke ile mara 13 na kuweka mguu wa tano katikati, chini ya mto, pale macho yasipofika.